Daktari wa Makamasi

Alikuwa na pua kubwa. Naanza na hilo kwa sababu hata yeye angeanza nalo. "Mungu alijua kazi nitafanya," aliwaambia akina mama wa Kathiani siku ya kwanza kukutana nao, salamu hazijaisha, "ndiyo maana akanipatia sampuli." Kisha aligeuza uso upande ili waione vizuri. Akina mama waliangalia chini kwa haya. Mtu mzima, tena daktari, tena mwenye umri wa mama mkwe, hatarajiwi kuonyesha watu pua yake kama anayenadi ng'ombe sokoni.

Nilifanya kazi naye kwa miaka kadhaa. Mimi nilikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, ninayejua kila boma kuanzia sokoni mpaka juu vilimani. Yeye alikuwa daktari wa watoto, aliyekuja na mradi uliotaka kujua mwili wa mtoto mdogo unapambana vipi na virusi vya homa pale vinapoingia, yaani puani. Kwa hiyo mtoto akishikwa na homa, mama ananipigia simu, mimi nampigia Daktari, na Daktari anafika na kijiti chembamba chenye pamba. Anakiingiza puani, anakizungusha, anakitoa na kukitumbukiza kwenye kichupa. Mtoto analia. Mama naye midomo inamcheza. Daktari anakiinua kichupa kwenye mwanga na kutabasamu kama mrina asali.

"Hii," anasema, "ni mali."

Ndipo watu wakamwita Daktari wa Makamasi. Wengine wangekasirika. Yeye aliuliza tu kwa nini wamechelewa.

Wazee walipenda kumuuliza kwa nini asichukue damu kama madaktari wengine. Nilijua swali hilo likiulizwa, chai itapoa.

"Mzee," alimwambia babu mmoja aliyemleta mjukuu, "mwizi wa mbuzi akiingia hapa kwako, nani anajua wa kwanza? Nairobi ama chifu?"

"Chifu," babu akasema.

"Chifu amelala. Anayejua ni jirani. Jirani ndiye anapiga nduru, jirani ndiye anatoka na rungu. Sasa, damu ni Nairobi. Pua ni jirani. Unaweza kwenda Nairobi uambiwe kuko shwari, na hapa kijijini watu wanapigana mawe."

Halafu alieleza taratibu, bila mzaha, na hapo ndipo ungejua kwamba kweli alisoma. Pua ina ulinzi wake. Ina askari wake, ina kingamwili zake, na hizo si lazima zifanane na zilizo kwenye damu. Pua ya mtu mzima imeshakutana na homa nyingi, inazijua kwa sura. Pua ya mtoto inakutana nayo kwa mara ya kwanza, haina hata pa kuanzia, lakini inapigana, na mara nyingi inashinda. Inapiganaje? Na ikishashinda, inakumbuka?

"Na inakumbuka?" babu akauliza.

"Hiyo ndiyo nataka kujua kabla nikufe. Kwa hivyo nyamaza, mzee wangu, nifanye kazi."

Babu alicheka mpaka mjukuu akasahau kulia.

Kwa watoto hakuwa na sauti ya kubembeleza. Alichukia watu wazima wanaoongea na watoto kama wenye viazi mdomoni. Aliwasalimu kwa Kikamba kama wazee, "Wakya?", akanyoosha mkono, akangoja ajibiwe. Kisha alitangaza masharti. "Sikiza. Mimi na wewe hatupendani, na ni sawa. Hii itakusumbua kidogo. Utalia, na mimi nitajifanya sioni. Tukimaliza kila mtu anaenda kwao." Watoto walimkodolea macho. Mmoja alimng'ata kidole, naye akamsifu mama kwa meno mazuri ya mtoto. Peremende hakutoa hata siku moja. "Nikimpa peremende atadhani nimefanya makosa."

Usidhani alikuwa mtu wa kufuata maneno yake mwenyewe. Alihubiri dhidi ya watu kunywa antibayotiki kwa ajili ya homa. Kupeleka antibayotiki kwa virusi, alisema, ni kama kutuma mbwa akamate mvua. Lakini homa ikimshika yeye, alikunywa kila kitu kilichopo duniani. Tangawizi, ndimu, vitunguu saumu, mvuke wa majani ya mkaratusi chini ya blanketi. Siku moja nilifungua mlango wa gari nikamkuta na vidonge kiganjani, rangi mbili, vile vile alivyokuwa amewakataza watu asubuhi.

"Hizo ni za nini?"

"Za mgonjwa."

"Mgonjwa gani, Daktari?"

"Mgonjwa mjinga," alisema, akavimeza.

Na kijiti chenyewe, alichokuwa akikiingiza kwenye pua za watoto wa watu mchana kutwa, alikiogopa kama nyoka. Siku moja walikuja wageni wa mradi kutufundisha. Wakasema tupimane sisi kwa sisi, ili tujue mtoto anavyosikia. Zamu ya Daktari ilipofika alisema ana simu ya dharura, akatoka mbio kuelekea msalani. Simu yake ilikuwa mezani mbele yetu. Tuliitazama, wageni nao wakaitazama.

Kanisani hakuenda. Alisema yeye na Mungu wanasalimiana kwa mbali, kama watu waliowahi kugombania mpaka wa shamba. Jumapili alikuwa akiosha gari lake kando ya barabara, redio ikiwa juu, watu wakimpita na Biblia zao. Lakini kila safari, kabla ya kuwasha gari, alinyamaza kidogo mkono ukiwa kwenye usukani, na midomo yake ilicheza. Sikuwahi kumuuliza. Mimi pia nilikuwa naomba, kwa sababu nilijua anavyoendesha.

Sasa nije kwenye mdomo wake, maana huo ndio nusura uue mtu.

Tulikuwa sokoni, akina mama wamekusanyika, na mmoja akauliza, "Daktari, hiyo kijiti inaingia mpaka wapi?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi: inafika nyuma ya pua, basi. Lakini Daktari hakuweza kuona swali kama hilo likipita bure. "Mpaka nione ubongo," akasema. "Nikikosa, nakurudishia mtoto na pole."

Akina mama walicheka. Mimi pia nilicheka. Lakini mzaha ukipanda milima ya Kathiani kwa miguu, kicheko huchoka njiani. Ulipofika juu ulikuwa habari tu: kuna daktari anavuta ubongo wa watoto kwa pamba, anatia kwenye chupa, anapeleka Nairobi.

Huko juu aliishi Mama Mutuku, muuza maparachichi. Mwanawe, Mutuku, alikuwa hajafikisha miaka mitatu. Alipata homa kama wengine, nasi tukaenda, Daktari akachukua sampuli, mtoto akalia, tukaondoka. Siku chache baadaye habari ya ubongo ikamfikia Mama Mutuku. Wakati huo huo homa ya Mutuku, badala ya kuisha, ikashuka kifuani. Mama aliyaweka mambo hayo mawili pamoja. Nani angemlaumu?

Jirani yake ndiye aliyenipigia. "Kanini, kuja haraka. Mtoto anapumua kama mbuzi imekimbizwa na mbwa, na mamake amemkimbiza kanisani. Amesema hospitali haendi."

Daktari aliendesha gari siku hiyo kwa namna ambayo sitaki kuikumbuka. Kanisa lilikuwa la mabati, juu kabisa ya kilima, na kulikuwa na maombi ya mchana. Mchungaji alitupokea mlangoni, kijana mwembamba mwenye koti kubwa, akijifuta jasho.

"Nimemwambia aende hospitali tangu asubuhi," alininong'oneza. "Nauli nimempa. Anasema huko ndiko yule mama wa kijiti anakaa."

"Yule mama wa kijiti ni mimi," Daktari akasema.

"Najua," Mchungaji akajibu. "Wote wanajua."

Walijua kweli. Tulipoingia, akina mama waliokuwa wamemzunguka Mama Mutuku walisimama, wakawa ukuta. Bibi mmoja mwenye kitambaa cheupe kichwani akanyoosha mkono. "Huyu hagusi mtoto hapa."

Katikati ya mabega yao niliweza kumwona Mutuku mapajani mwa mamake. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Matundu ya pua yalikuwa yanapanuka na kusinyaa. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumtazama mtu. Nilimgeukia Daktari ili nisikie atakachosema, kwa sababu sikuwahi kumwona akikosa la kusema, na nikamwona amekosa.

Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu mtoto tukibishana hapa, atakufa tukibishana."

Akamgeukia Mchungaji. "Pasta, naomba niongoze maombi."

"Wewe?"

"Wenye dhambi wanaruhusiwa, ama ni nyinyi tu?"

Yule kijana alimtazama, akamtazama mtoto. Mungu ambariki popote alipo. Akapaza sauti, "Tufumbe macho. Daktari atatuongoza."

Hakuna mama wa kanisa lile ambaye angebaki macho wazi maombi yakiitwa. Hata yule bibi wa kitambaa alifumba, ingawa kwa hasira.

"Bwana," Daktari akaanza, kwa ile sauti yake ya kupanga watu foleni, "unanijua. Hatuongei sana."

Amina moja ilitoka nyuma, yenye mashaka.

"Bwana, hapa kuna mama ananiogopa, na ako na haki. Ni mimi nilisema natafuta ubongo." Alikuwa ameanza kutembea, polepole, akipita katikati ya akina mama mmoja mmoja. "Ilikuwa mzaha, Bwana, na ilikuwa mzaha ya ujinga. Hiyo kijiti inafika nyuma ya pua tu. Ubongo ya Mutuku iko mahali uliiweka."

"Amina," wakaitikia wengi zaidi.

"Bwana, mwambie Mama Mutuku sitamgusa mtoto wake. Atambeba yeye mwenyewe. Mwambie kifua ya mtoto imechoka, na hospitali kuna hewa ya kumsaidia apumue. Mwambie mimi nitakaa nje ya mlango, kama hataki kuniona. Lakini Bwana, mwambie twende sasa."

Mama Mutuku alifungua macho. Najua, kwa sababu yangu hayakuwa yamefumba. Daktari alikuwa amesimama mbele yake, mkono ameunyoosha, pua yake kubwa inatoka jasho. Walitazamana. Kimya kikaanza kuwa hatari, maana niliona kope za yule bibi zikitikisika.

"NA TENA BWANA!" Daktari akapiga kelele, na kope zikafumba. "Wakumbuke viongozi wetu! Wapatie hekima, wale ambao inaweza kuingia!"

"Amina!"

Mama Mutuku akasimama na mtoto. Tukaanza kutoka. Daktari aliombea mvua. Aliombea barabara, akaombea wanafunzi, akaombea wajane. Tulipofika mlangoni alikuwa anaombea maharagwe, na Mchungaji, ambaye alikuwa ameacha jicho moja wazi, alitushikia mlango. Uani aliongeza sauti ili waliobaki ndani wasikate tamaa. Aliombea ng'ombe na mbuzi kila mmoja kwa aina yake. Mama Mutuku alikuwa ameketi nyuma, nimeshafunga mlango, Daktari akaingia, akatoa kichwa dirishani.

"Kwa hayo machache!" akaita.

"AMINA!" kanisa zima likajibu, na akawasha gari.

Hospitalini walimwekea Mutuku oksijeni na dawa ya nimonia. Daktari alitimiza ahadi. Alikaa nje ya mlango wa wodi, kwenye benchi, kama ndugu wa mgonjwa, ingawa wauguzi wote walikuwa wanamjua na walimwambia aingie. Jioni Mama Mutuku alitoka, akasimama mbele yake.

"Niambie ukweli. Ni ile kijiti ilimfanya hivi?"

"Hapana," Daktari akasema. "Ni homa. Ingeshuka kifuani hata kama mimi singezaliwa. Lakini mdomo yangu ndiyo ilikufanya uchelewe. Hiyo ni yangu, Mama Mutuku. Hiyo sikatai."

Mama Mutuku alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akarudi ndani kwa mtoto.

Mutuku alipona. Siku nilipomwona ameketi kitandani akinywa uji, masharubu ya uji hadi puani, nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji. Kanisani walishuhudia kwamba ni muujiza wa maombi, na Mchungaji akaja kumuuliza Daktari, kwa adabu, kama anaona vibaya. "Waambie," akasema. "Si niliomba?"

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo yeye na Mama Mutuku walikuwa marafiki. Hawakuwa. Mama Mutuku alimtoa mtoto kwenye mradi, na Daktari mwenyewe ndiye aliyefuta jina lake. Wakikutana sokoni, Mama Mutuku alinisalimu mimi tu. Lakini kila msimu wa maparachichi alinipa mfuko, akitazama pembeni. "Mpelekee yule wa mdomo." Na Daktari aliyala kwa chumvi, yote, bila kumgawia mtu.

Mizaha hakuiacha. Hiyo ingekuwa kama kumwambia jogoo asiwike. Lakini tangu siku ile, kabla ya kumgusa mtoto yeyote, alikaa kwenye kiti mbele ya akina mama, akanipa kijiti. "Kanini, nichokoe." Nami nilikiingiza kwenye ile pua, mbele ya watu, nikakizungusha. Yule aliyekimbilia msalani kupiga simu bila simu alishika kiti kwa mikono miwili, machozi yakamtiririka, miguu ikapiga sakafu. Akina mama walicheka mpaka wakashikana. Alipomaliza kukohoa aliwapa kijiti wakishike, wapime urefu wake kwa vidole vyao, waone kinaishia wapi. "Hapo ndipo mwisho," alisema, makamasi yakimtoka. "Hakuna barabara ya kwenda mbele." Hakurudia tena neno ubongo. Kila mkutano alifanya hivyo, na kila mkutano alilia, na sikuwahi kumwona akizoea.

Mradi uliisha kama miradi inavyoisha, watu wakapeana soda na kupiga picha. Vichupa vyetu vilikwenda maabara, na mengine yakabaki kwa waliosoma. Nilimuuliza kama sasa anajua pua ya mtoto inakumbuka nini. "Najua kidogo zaidi kuliko yule babu," akasema. "Inaniudhi." Alistaafu, akahamia Kola, akanunua mbuzi.

Mwaka uliopita nilimfuata huko. Nilikuwa nimepata mtoto, msichana, katika umri ambao watu walikuwa wameshaacha kuniombea. Alikuwa hajaanza hata kukaa, na homa yake ya kwanza ikamshika. Mimi, niliyetuliza akina mama wa vilima vizima, nilichanganyikiwa kuliko wote. Kliniki waliniambia kifua ni kizuri, nimpe matone ya maji ya chumvi puani, nirudi akianza kupumua kwa shida. Niliitikia kwa kichwa, nikashukuru, nikatoka, nikaelekea Kola.

Nilimkuta kwenye boma la mbuzi, amevaa gambuti, nywele zote zimekuwa nyeupe. Amekonda. Hakuuliza kilichonileta. Alinawa mikono kwenye mtungi, akamfunua mtoto kifua, akamtazama akipumua, akaweka sikio. Mbuzi walikuwa wanatutazama kutoka kwenye ua.

"Kifua iko sawa. Anakojoa?"

"Sana."

"Ananyonya?"

"Anataka, Daktari. Anashika, halafu anaachilia analia. Pua imeziba. Tangu jana."

"Mlete."

Alimchukua mtoto, akamlaza kwenye mkono wake wa kushoto. Nilidhani atatoa kifaa fulani mfukoni. Badala yake aliinama, akafunika ile pua ndogo yote kwa mdomo wake, akavuta. Akageuka, akatema kwenye nyasi. Akarudia. Nilikuwa nimesikia kwamba bibi zetu walifanya hivyo, lakini sikuwahi kufikiri nitaona ikifanywa na mtu mwenye digrii. Mtoto alishtuka, akavuta pumzi ndefu kwa pua, akashangaa, akavuta tena.

Daktari alijifuta mdomo kwa mkono wa sweta, akaonja midomo yake kidogo, akifikiri.

"Iko na chumvi," akasema. "Huyu ni mzima."

"Daktari! Atakuambukiza!"

"Basi utaniletea supu. Mnyonyeshe."

Nikaketi kwenye jiwe, nikamweka mtoto kifuani. Alishika ziwa, na safari hii hakuliachilia. Alinyonya kwa pupa, akipumua kwa kelele. Daktari alisimama karibu, mikono kiunoni, akimsikiliza. Jua lilikuwa limemfika usoni lakini hakusogea.

"Mnamwita nani?" akauliza baadaye.

Nikamwambia.

Akadhani hakusikia vizuri. "Mtoto. Si mimi. Nauliza mtoto anaitwa nani."

"Ndilo jina lake," nikasema. "Wewe ndiye wajina wake."

Kwa miaka yote ile, ni mara mbili tu nilimwona akikosa neno, na hii ilikuwa ya pili. Alimtazama mtoto, akatazama milima, akavuta ile pua yake kwa nguvu.

"Maskini mtoto," akasema hatimaye. Kisha akaokota fimbo, akaenda kuwagombeza mbuzi, ambao hawakuwa wamefanya lolote.